Migomba Safi ni Mali ya Majirani: Hotuba kwa Wakulima wa Chala

(Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa kwa wakulima wa Chala, katika Taveta. Yamepigwa chapa hapa kwa faida ya wasomaji wote walimao migomba, wa shamba na wa mjini.)



Mtu akisimama juu ya ukingo wa Ziwa Chala huona jambo la kushangaza. Chini yake yako maji mengi, yenye kina kirefu, yaliyoshuka kwa njia za chini ya ardhi kutoka mlima Kilimanjaro. Lakini pale juu asimamapo, nchi ni kavu, udongo una mawe, na kuta za mwamba zimemtenga na yale maji ayaonayo kwa macho. Basi maisha ya mkulima wa hapa ndiyo hayo. Neema i karibu naye, lakini haimjii bure. Sharti aifuate kwa akili na kwa jasho.

Sina haja ya kuwafundisha watu wa Taveta kwamba mgomba ni chakula. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilikuwa ikipumzika Taveta kwa sababu ya maji, kivuli cha msitu na wingi wa chakula, na ndizi zilikuwa miongoni mwa chakula hicho. Hata leo ndizi za Taveta hupakiwa katika malori kwenda Voi na Mombasa. Karo ya watoto hutoka katika mkungu. Dawa ya mgonjwa hutoka katika mkungu. Na mgeni akibisha hodi saa ya jioni, mwenye nyumba hana wasiwasi, maana ndizi ziko nyuma ya jiko. Kwa hiyo atakayeangamiza migomba ya watu, hata kwa kutojua, ameangamiza jambo kubwa. Hilo ndilo nililokuja kulisema leo.

MAHALI PA KUPANDA

Wahenga walisema, "Mgomba changaraweni haupandwi ukamea." Mgomba una mizizi mingi lakini dhaifu, nayo haiendi chini sana. Haiwezi kupasua mwamba wala kutafuta maji ya mbali. Kwa hiyo chagueni mahali penye udongo mzito kidogo, wenye rutuba, usiotuamisha maji. Mahali penye maji yaliyosimama mizizi huoza. Mahali palipo na changarawe tupu mgomba hukonda kama mtoto asiye na mlezi. Tena epukeni penye upepo mkali, au pandeni miti ya kuukinga, kwani jani lililochanika vipande vipande halilishi mkungu vema.

Chimbeni mashimo kabla ya mvua. Mahali penye unyevu, shimo la futi 2 kila upande na futi 2 kwenda chini hutosha. Lakini katika nchi kavu kama hii ya Chala, nawasihi mchimbe futi 3, ili shimo liwe kisima kidogo cha kushika unyevu. Udongo wa juu uwekeni upande mmoja, na ule wa chini upande mwingine. Kisha changanyeni udongo wa juu na madebe 2 ya samadi iliyooza sawasawa, mkaurudishe kwanza. Samadi mbichi isitumike, kwa kuwa huunguza mizizi. Msilijaze shimo kabisa. Acheni bonde dogo juu yake lipokee maji.

Kati ya shimo na shimo pawe na futi 10 kwa migomba ya kimo cha kadiri. Mtu akipima hivyo, ekari 1 hupata migomba 435. Wengine husema, "Nikisongamanisha nitapata mikungu mingi zaidi." Huko ni kujidanganya. Migomba iliyosongamana hugombania mwanga, maji na samadi. Hurefuka kutafuta jua, ikatoa mikungu myembamba isiyotazamwa na mnunuzi.

MCHE NI NANI, NA UMETOKA WAPI?

Sasa nafika penye kiini cha maneno yangu. Machipukizi ya mgomba ni ya namna mbili. Liko chipukizi la upanga, ambalo majani yake ni membamba kama ncha ya upanga, na chini ni nene, limeshikamana na mama yake kwa nguvu. Na liko chipukizi la maji, lenye majani mapana likiwa bado dogo, na shina jembamba. Hili la pili hupendeza macho, lakini ni dhaifu. Chagueni la kwanza.

Likiisha kung'olewa, lichongwe. Ondoeni mizizi yote na ngozi ya nje ya tunguu mpaka palipo peupe. Mkiona vijia vyeusi vimetobolewa ndani, jueni kwamba mabuu ya fukusi wamekwisha kulila. Litupeni mbali na shamba. Lililo jeupe litumbukizeni katika maji yanayochemka, mkahesabu polepole mpaka 30, kisha mlitoe. Maji hayo huua mayai ya fukusi na vile vijinyoo vya udongo visivyoonekana kwa macho, navyo ndivyo vinavyokula mizizi hata mgomba wenye mkungu ukaanguka kwa upepo mdogo. Msilikawize humo, maana litapikika.

Lakini, Mabibi na Mabwana, sikilizeni sana hapa. Maji ya moto hayaondoi kila kitu. Yako magonjwa yakaayo ndani ya mwili wa mche, nao kwa nje ukaonekana mzuri. Nami nitawaeleza jinsi nilivyolijua jambo hili, ijapokuwa si habari ya kunisifu.

Miaka michache baada ya kutoka shule nilikwenda kumwamkia mjomba wangu, ambaye shamba lake halikuwa mbali na mto Lumi. Sikutaka kwenda mikono mitupu. Njiani, kwa rafiki, niliona ndizi za sukari nzuri mno, nikaomba machipukizi matatu. Sikuuliza lolote. Mjomba alifurahi, akayapanda mwanzo wa shamba, pale mfereji unapoingia, ili mgeni wa heshima apate maji ya kwanza. Mwaka wa pili majani ya chini yakageuka manjano, yakavunjika kwenye shina na kuning'inia kama sketi. Shina likapasuka karibu na ardhi. Mjomba akakata, na kwa panga lile lile akapogoa mingine. Maji ya mfereji yakaendelea na safari yake. Haikupita miaka mitatu, ndizi za sukari zote za mstari ule zilikuwa zimekufa, na za jirani wa chini yake zikaanza.

Mjomba hakunigombeza. Aliniambia maneno machache tu: "Mjomba, uliniletea mgeni, wala hukumwuliza atokako." Mpaka leo ningependa afadhali angenigombeza.

MAGONJWA MAWILI YA MNYAUKO

Ugonjwa ule ni mnyauko wa Panama. Huletwa na kuvu wakaao udongoni, huingia mizizini na kuziba mishipa ya maji. Ukikata shina la mgomba mgonjwa utaona mistari ya rangi ya kahawia au wekundu mweusi. Kuvu hao huweza kudumu udongoni miaka mingi sana, hata mgomba ukiwa haupo. Ndio walioharibu biashara ya ndizi aina ya Gros Michel katika Amerika ya Kati, hata ilipofika miaka ya 1950 na 1960 makampuni makubwa yakalazimika kuiacha na kupanda jamii ya Cavendish, isiyodhuriwa na aina ile ya kuvu. Tena aina mpya, inayoua hata Cavendish, ilitangazwa kuwa imeonekana Msumbiji mwaka 2013, na Kolombia mwaka 2019. Ugonjwa huu hauna dawa ya kunyunyiza. Mahali ulipoua ndizi za sukari au Gros Michel, msipande hizo tena. Mwulizeni Bwana Shamba au Bibi Shamba ni aina gani ivumiliayo udongo ule.

Ugonjwa wa pili ni mnyauko wa bakteria, uitwao kwa jina la kitaalamu Xanthomonas. Ulijulikana kwanza Ethiopia katika miaka ya 1960, ukiua mmea uitwao enseti, ambao ni ndugu wa mgomba. Uganda ulionekana mwaka 2001, na Kenya, upande wa magharibi, mwaka 2006. Dalili zake ni hizi: majani hunyauka kama yaliyopitiwa na moto; ndizi huiva kabla ya wakati wake, nazo zikikatwa ndani zina madoa ya kahawia; na shina likikatwa hutoa majimaji ya manjano mazito kama usaha. Ndizi hizo hazifai kuuzwa wala kuliwa.

Bakteria hawa hawadumu udongoni kama wale kuvu, lakini mwendo wao ni wa haraka. Husafiri kwa panga, kwa miche, na kwa wadudu wanaotua juu ya ua. Kwa hiyo mkungu ukiisha kutoa chana cha mwisho cha ndizi, ivunjeni ile ncha ya maua inayoning'inia chini yake mfano wa moyo. Msiikate kwa kisu, bali ivunjeni kwa kijiti chenye panda, mkiizungusha mpaka ikatike. Kazi hii haina gharama, mtoto wa shule aweza kuifanya, nayo hufunga mlango mkubwa wa ugonjwa. Tena mkungu hunenepa zaidi.

Ukiona mgomba mmoja umeshikwa, ukate chini kabisa, ukatekate vipande, uviache mahali pamoja vioze. Usivikokote shambani wala kumpa ng'ombe. Panga lioshwe, kisha lishikwe juu ya moto mpaka liwe la moto kabisa, au litiwe katika dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, sehemu 1 kwa maji sehemu 5. Nalo lisafishwe hivyo kabla ya kugusa shina jingine. Kisha mwite ofisa wa kilimo. Usifiche. Mtu afichaye ugonjwa wa migomba ni kama afichaye moto chini ya kitanda cha ndugu yake.

UJIRANI NA HATARI YAKE

Mabwana na Mabibi, nimefikiri sana juu ya habari ya mjomba wangu, nami nimeona kwamba ugonjwa ule ulipita katika mambo matatu, na yote matatu ni mema. Machipukizi yalikuwa zawadi. Panga liliazimwa na jirani. Mfereji ulikuwa wa shirika. Hapana hata moja lililokuwa ubaya. Yote ni ujirani wenyewe.

Sasa tufanye nini? Je, tunyimane? La. Mtu wa Chala ana shemeji ng'ambo ya mpaka, Rombo au Holili, na mpaka wenyewe umepita katikati ya ziwa. Haiwezekani kuwaambia watu wasipeane. Lakini yawezekana kupeana kilicho safi. Kabla ya kupokea chipukizi, nenda ukalione shamba lilikotoka, ukatazame majani na mashina ya migomba yote, si ule mmoja tu. Mwenyewe asikasirike, kuuliza habari za mche si kumtukana mtu. Ukiazima panga, lirudishe likiwa limepita motoni. Na ninyi wenye mfereji mmoja, mnapokutana kugawana zamu za maji, ongezeni neno moja katika shauri lenu: ni nani aliyeona mgomba wenye dalili? Kwani ugonjwa wa aliye juu ya mfereji utateremka kwa aliye chini, naye hana kosa.

Iko njia nyingine pia, nayo ni miche ya maabara. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wa utafiti wa kilimo wa Kenya, ambao shirika lao sasa huitwa KALRO, wamekuwa wakisaidia kuieneza. Mche huo hukuzwa kutoka sehemu ndogo sana ya mgomba uliokwisha kupimwa, kwa hiyo hufika shambani bila fukusi, bila vijinyoo na bila kuvu. Ununueni penye kitalu kilichothibitishwa. Ila mjue mambo mawili: mche huo hugharimu fedha, na katika miezi ya kwanza hutaka maji na uangalizi kama mtoto mchanga. Tena usafi wake si kinga. Ukiupanda katika udongo wenye kuvu, utaugua kama mwingine.

MAMA, BINTI NA MJUKUU

Shina moja lisiachwe kuzaa machipukizi kama kichaka. Kanuni ni rahisi: katika kila shina wawepo watatu, yaani mama mwenye mkungu, binti anayefuata, na mjukuu aliye mdogo. Wengine wote waondolewe, na mahali pao pa kukulia pachimbwe kwa ncha ya jembe. Binti na wajukuu wote wachaguliwe upande mmoja, ili mistari ya shamba isipotee.

Majani makavu yakatwe, yatandazwe juu ya udongo pamoja na nyasi. Matandazo hayo hushika unyevu, huzuia magugu na huoza yakawa chakula. Lakini yasigusane na shina. Acheni nafasi ya futi 1, kwa sababu fukusi hupenda kulala mahali penye giza na unyevu. Kuwatega, chukueni kipande cha shina lililokwisha kuvunwa, lenye urefu wa futi 1, mlipasue katikati na kulilaza kifudifudi karibu na mgomba. Baada ya siku 3 lifunueni, mtawakuta fukusi chini yake, waueni. Na shina la zamani likatwekatwe lipate kukauka, lisiwe nyumba ya kuzalia.

Habari ya maji, mvua ya nchi hii ya chini haitoshi peke yake. Mwenye zamu ya mfereji anyweshe kwa kiasi kila juma, badala ya kugharikisha leo na kusahau mwezi mzima. Asiye na mfereji apande migomba michache tu anayoweza kuitunza, mahali yanapopita maji ya kuogea na kuoshea vyombo. Migomba 10 iliyoshiba ni bora kuliko 100 yenye kiu. Na kila mwanzo wa mvua, kila shina lipate debe 1 au 2 za samadi. Mtu hawezi kumkamua ng'ombe asiyemlisha.

KUVUNA NA KUUZA

Mgomba uliotunzwa hutoa mkungu wa kwanza kati ya mwezi wa 12 na wa 15 tangu kupandwa. Mkungu mzito tegemezeni kwa mti wenye panda. Tangu kutoa maua hadi kukomaa ni miezi 3 au 4 hivi. Ndizi changa ina pembe kali. Iliyokomaa pembe zake hufa, ikawa mviringo. Ninajua mchuuzi huja na fedha mkononi na kusema, "Kata sasa hivi, lori linaondoka." Lakini mkungu uliokatwa mchanga hunyauka usiive vizuri, na jina baya la ndizi hizo halimwendei yeye, huambiwa ni ndizi za Taveta. Basi kateni watu wawili, mmoja akate na mmoja apokee, usianguke. Ulazwe juu ya majani, si juu ya mawe. Nanyi mkiweza kuuza kwa mizani na kwa ushirika, msikubali kukadiriwa kwa macho, maana macho ya mnunuzi huona haba.

Najua mna adui mwingine, ndovu watokao Tsavo, ambao usiku mmoja huweza kula kazi ya mwaka. Huyo ni adui mkubwa na sauti yake husikika, watu wakapiga madebe. Lakini adui niliyemtaja leo hana sauti. Hufika katika kapu la zawadi, amefunikwa kwa majani mabichi, na mwenye nyumba humkaribisha kwa furaha.

Basi, ndugu zangu, kesho asubuhi kila mtu na apite katika shamba lake polepole, si kutafuta mkungu wa kukata, bali kutazama tu. Atazame majani ya chini, atazame mashina, ainame aone ardhini. Akiona neno, amwite jirani yake kabla ya kushika panga. Na akipata chipukizi zuri la kumpelekea mjomba wake, kwanza amwulize mgeni huyo atokako.